Moshi wa Nyumba ya Nalongo

Vijana, mmeniomba niwaambie habari za kazi yangu, na mmeomba kwa adabu, mkaleta na keki. Basi nitasema. Ila msitegemee bibi mpole wa hadithi tamu. Nina hasira tangu wiki jana, mlipobandika lile bango lenu ukumbini kwa ajili ya siku ya mazingira. Upande mmoja picha ya Stockholm ya zamani, moshi tele. Upande wa pili Stockholm ya leo, anga la buluu. Katikati mmechora mshale, na chini yake mmeandika kwamba serikali ya mtaa ilisafisha hewa. Mimi maisha yangu yote ya kazi yamo ndani ya huo mshale wenu, pamoja na watu ambao hamkuwaandika. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Nilikuwa mfagia dohani, yale mabomba ya moshi juu ya mapaa. Waswidi humwita sotare. Ndiyo, mwanamke, tena Mtaita wa Voi, mweusi tangu kabla ya masizi. Utani huo niliusikia kila mtaa. "Wewe jioni huna haja ya kuoga," mtu anasema, anacheka, anamwita na mkewe aje acheke. Mimi mkononi nina brashi ya waya. Naitazama brashi, namtazama msemaji, naendelea na kazi. Na wana imani kwamba ukigusa kifungo cha koti la sotare unapata bahati. Basi watu walewale ambao kwenye treni walikuwa radhi kusimama kuliko kukaa karibu nami, walinikimbilia barabarani wanisugue vifungo. Bahati yangu waliitaka, kiti cha pembeni yangu hawakukitaka.

Nilifika hapa mwishoni mwa miaka ya sabini nikimfuata mume mwanafunzi. Mume akapata shahada, halafu akapata mke mwingine. Mimi nikabaki na binti yangu Mghoi na haja ya kazi. Ofisi ya ajira ikataka kunipeleka kufagia korido za hospitali. Nikawaambia kama ni kufagia, nipeni kitu ambacho kikifagiwa mtu anakiona kimefagiwa. Vijana wao wakati huo hawakutaka kupanda mapaa, ndipo nikapelekwa kwa Åke.

Åke alikuwa fundi mkuu wa eneo letu, mrefu, goti moja bovu, mtu wa maneno ya kupima. Aliniuliza swali moja tu, kama naogopa kupanda juu. Nikamwambia kwetu Taita ni milimani, mtoto hujifunza kutoanguka kabla hajajifunza kusalimia. Akanipa kofia.

Alinifundisha kusoma moshi kabla ya kunifundisha kushika brashi. Asubuhi tulikaa ndani ya gari, yeye na chupa yake ya kahawa, tukatazama mapaa. Moshi mweupe unaopotea upesi ni unyevu tu, moto unaamka. Mweusi tititi ni makaa yaliyomiminwa mengi kwa mpigo. Lakini ule wa kahawia, unaoning'inia usipande wala usishuke, unaoingia kwenye shuka zilizoanikwa na kwenye kifua cha mtoto, huo ni moto ulionyimwa pumzi. Mtu ameziba hewa ili makaa yamkalie muda mrefu. Moto mzuri hauna moshi. Ukitazama juu ya dohani unaona hewa inatetemeka kidogo, basi.

Na masizi nayo yasome. Masizi ya moto mzuri ni makavu, mepesi, ukiyagusa yanamwagika. Ukiingiza taa ukakuta dohani imeota ngozi nyeusi, ngumu, inayong'aa, hata brashi ya waya inateleza juu yake, jua humo ndani moto hufukiwa kila siku. Ngozi ile ni lami. Siku ikishika moto, nyumba ya mbao nayo inakwenda.

Tulicheka pia, msidhani ilikuwa hasira tu. Kuna jengo dohani yake moja ilikuwa na matundu mengi, kila familia na lake. Åke, fundi wa mafundi, akashusha tufe la chuma lenye brashi kwenye tundu lisilo lake. Chini huko bibi mmoja alikuwa na wageni wa kahawa, na meko yake ameyapamba kwa maua makavu. Tufe likatua katikati ya maua, na masizi yakafuata yakawapaka wageni wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Yule bibi hakulitazama tufe, alinitazama mimi. "Ni wewe umefanya hivi?" akauliza, na mimi niko mbele yake, mikono yote miwili imeshika ndoo. Kabla sijajibu, sauti ya Åke ikashuka ndani ya dohani: "Samahani, mama. Ni mimi." Nilimpenda mzee yule kuanzia saa hiyo, ndiyo maana lililokuja baadaye liliniuma zaidi.

Sasa sikilizeni. Mnadhani makaa ya mawe ni mambo ya mababu wa Waswidi. Mafuta yalipopanda bei, watu wenye boila kuukuu kwenye vyumba vya chini, yale matanuri ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, walizirudisha kwenye kazi ya zamani. Wakachoma koksi, makaa ya mawe, kuni mbichi, hata vitanda vilivyovunjika. Katika mitaa ya pembeni, siku za baridi zisizo na upepo, moshi ulijilaza kati ya nyumba na theluji ikawa na madoa. Komuni, yaani manispaa, ikaamua kupambana nao. Kwa hilo sina ugomvi. Moshi ule nimeukohoa mimi, si nyinyi.

Ugomvi wangu ni namna walivyopambana. Walichapisha vijitabu vyenye picha ya familia yenye nywele za dhahabu ikitabasamu mbele ya boila safi. Vilikuwa vya Kiswidi tupu, tena kile Kiswidi cha ofisini ambacho hata Åke alikisoma mara mbili. Wakatoa namba ya simu ya kulalamikia jirani. Na wakawa wanaunganisha nyumba kwenye joto la pamoja, yale maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara kutoka kwenye mtambo mkubwa. Mitaa mingi ilipitiwa na mabomba hayo, mingine ikarukwa.

Nyumba moja iliyorukwa ilikuwa ya mbao, kando ya reli ya treni ya Södertälje. Kitongoji sikitaji, na komuni yake siitaji. Niligonga asubuhi moja ya vuli, mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyejifunga kitenge juu ya suruali ya kazi. Mimi nina ngazi begani, uso wote masizi. Akaniambia kwa Kiswidi kwamba hajaita mtu. Kitenge kile kilinipa ujasiri. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Dada, hodi."

"Karibu," akaitika kabla hajawaza, kisha akashika mdomo. "Banange. Nyabo, wewe umetokea ndani ya bomba?"

Huyo ndiye Nalongo. Kwa Waganda mama wa mapacha huitwa hivyo, na mapacha wake walikuwa Waswa na Kato, wavulana wa shule ya msingi, wakiulizwa kwa Kiganda wanajibu kwa Kiswidi. Vita vya kwao vilimla mumewe. Alikuwa akiosha vyombo vya kioo katika kiwanda cha dawa Södertälje, zamu ya alfajiri. Alishakaa kambini, akakaa kwenye chumba cha rafiki, watu wamelala hadi jikoni. Nyumba hii aliipanga kwa Mswidi mmoja aliyehamia Uhispania, na ndiyo ya kwanza tangu Kampala ambayo akifunga mlango, mlango unakuwa wake. Uani alipanda maboga kwa ajili ya majani. Majirani walimsifu kwa maboga, hawakujua kwamba tunda kwake ni ziada tu.

Nikaingiza taa kwenye dohani na kukuta ngozi nyeusi inang'aa. Nikashuka kwenye chumba cha boila. Makaa yalikuwa yamefunikwa kwa majivu, yamepigwapigwa kwa koleo mpaka yakawa laini, na kilango cha hewa kimefungwa kikabaki upenyo wa ukucha. Mikono yangu ilikitambua kitendo kile kabla ya akili. Bibi yangu kule Taita alifukia moto namna hiyohiyo kila jioni.

"Dada, moto unaufukia hivi kila siku?"

"Sasa nifanye nini? Mimi natoka na treni ya mapema. Watoto wanarudi shule, mimi bado iko kazini. Wakute baridi? Nafukia asubuhi, jioni nafukua, natia ingine. Tangu tuhamie hapa haijazimika hata mara moja." Alisema hivyo kwa fahari, na ilikuwa fahari halali.

"Ndio unaotoa moshi. Lazima uuache uzime."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Uzime? Nyabo, kwetu mwanamke anayeenda kwa jirani kila asubuhi kuomba kaa la moto, wanamcheka. Nyumba gani hiyo haina moto? Na hapa nitaomba kwa nani? Kwa yule?" Akaonyesha kwa midomo nyumba kubwa ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara alikaa bwana mmoja nitakayemwita Torsten. Mtu wa heshima, mcheshi, kila nikienda kwake ananipa kahawa na mkate wa mdalasini na kunisugua kifungo. Sebuleni alikuwa na meko makubwa ya mawe. Jioni aliwasha magogo ya mbetula, mti wa huku, ambayo hayajakauka, apate kutazama ndimi za moto na kunywa mvinyo, na akichoka anaziba hewa, analala. Moshi wake ulikuwa kahawia uleule. Lami ya dohani yake niliikwangua kwa mikono yangu.

Haikuwa rahisi kumgeuza Nalongo. Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa, mimi na Mghoi, tukala matoke, tukabishana. Nilimwambia boila si jiko la kwetu. Jiko la kwetu lina pumzi pande zote na moshi unaingia shambani, lakini boila ina pua moja tu, ukiiziba inakufa polepole huku inatapika. Akasema hayo ni maneno ya wazungu nimeyameza. Nikamwambia, haya, wacha wazungu. Wewe ukioka keki ya sufuria, moto unauweka wapi? Akasema chini kidogo, juu ya kifuniko mwingi. Basi, nikamwambia, na hapa weka moto juu.

Nyinyi hamtawasha boila ya makaa maishani, lakini jambo hili liwekeni kichwani, halina uzito. Sisi wote tumezoea kuwasha chini na kurundika juu. Makaa mabichi yakikaa juu ya moto hupikika kabla ya kuwaka, na huo mpiko ndio moshi. Geuza. Panga makaa chini, vijiti vikavu juu yake, washa juu kabisa, fungua hewa yote. Moto unashuka wenyewe taratibu, na moshi wa makaa ya chini ukipanda lazima upite ndani ya miali, humo unaungua. Moto uwe mdogo, mkali, wenye pumzi, na ukimaliza uuache ufe. Joto linabaki kwenye maji na kuta.

Alijaribu kwa kununa. Jioni moto mmoja mkali, alfajiri mwingine kabla ya treni. Watoto wakirudi nyumba ilikuwa imepoa kidogo, wanakaa na sweta mpaka mama aje. Makaa yakawa yanamtosha kuliko mwanzo. Ile ngozi ya lami ikakauka ikapasuka, nikaikwangua vipande vipande. Siku moja nilisimama uani mwake, moto unanguruma chini, na juu ya dohani hamna kitu, hewa inatetemeka tu. Nalongo akatoka na mwiko mkononi, akatazama juu muda mrefu. "Haya mambo yako," akasema, "sasa jirani atajuaje kama tuko nyumbani?" Alikuwa anacheka.

Lakini malalamiko yalikwishapigwa simu zamani, wakati wa moshi. Aliyepiga ni Torsten. Nyani haoni kundule. Na katikati ya majira ya baridi kali ikaja barua ya komuni. Waswa aliisoma mezani, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu huku, mtoto ndiye anayemsomea mzazi hukumu yake. "Mamma, vi får inte elda," akasema. Haturuhusiwi kuwasha moto. Boila itafungwa kwa lakiri, mtu asiweze kuifungua.

Nilimpigia simu afisa wa mazingira, msichana mmoja aliyeitwa Birgitta, nikamwomba aje kwa macho yake. Akaja, hilo namshukuru. Alikuja asubuhi, akasimama nami barabarani, pua nyekundu kwa baridi. Nalongo alikuwa amewasha.

"Unaona moshi?" nikamwuliza.

"Sioni."

"Na pale kwa Torsten?"

Akageuka. Torsten alikuwa nyumbani siku hiyo, na meko yake yalikuwa yanafuka mpaka miti ya bustanini haionekani. "Ule nauona," akasema.

"Tatizo si boila, Birgitta. Tatizo ni kufukia moto. Huyu mama ameacha."

"Najua," akasema. "Nimelisomea. Moto uliofukiwa unachafua, uwe wa makaa au wa kuni, sebuleni au chini. Nilisema hivyo kwenye mkutano."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu asiyejua. Nina maneno mengi ya kumwambia asiyejua. Huyu alijua. Nikamwuliza sasa kwa nini. Akaeleza, bila kunitazama, kwamba kamati ya komuni ilitaka kuonyesha boila za makaa zimepungua. Meko ya sebuleni hayamo kwenye mpango. Yale ni ya starehe.

Starehe. Andikeni neno hilo kwenye bango lenu. Moto wa mwanamke anayetaka watoto wake wasitetemeke ni uchafuzi, na moto wa bwana anayetaka kutazama miali akiwa na glasi mkononi ni starehe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nimezeeka, nimesamehe mengi, hata mume nimemsamehe, lakini neno hilo sijalisamehe.

"Na hawa watapata joto wapi?" nikauliza.

"Hilo ni la mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alipigiwa simu Uhispania. Akasema hilo ni la komuni, na kule kwake jua linawaka.

Kazi ya kufunga boila ilikuwa ya sotare wa eneo, yaani sisi. Nilimwambia Åke sitaifanya. Nilimwambia kwenye gari, nje ya nyumba ya Nalongo, na nikasema maneno mengine ambayo Kiswidi changu kilikuwa hakijawahi kuyahitaji. Hakubisha. "Kaa hapa," akasema, akachukua koleo na waya na kipande cha risasi cha kupigia lakiri, akachechemea mpaka mlangoni. Nilidhani labda atarudi na lakiri yake mkononi, hajaifunga. Nilikaa nikitazama mlango ule.

Aliporudi aliweka koleo miguuni. Hakuwasha gari. "Amenipa kahawa," akasema. "Amevaa koti, watoto wamevaa makoti, na amenipa kahawa kwanza. Akasubiri ninywe ndipo akanionyesha njia ya kushuka chini."

"Na ukainywa?"

"Nikainywa."

"Na ukafunga."

"Sisi tunasafisha dohani," akasema Åke. "Sheria hatuandiki sisi." Najua alikwenda mwenyewe ili mimi nisiende. Najua alikuwa na huruma. Lakini huruma iliyoshika koleo inafanya kazi ileile. Nilifanya naye kazi miaka mingi baada ya siku hiyo na kwenye mazishi yake nilibeba shada la maua. Ile stahi ya siku ya tufe haikurudi yote.

Nalongo alihangaika na hita ndogo za umeme, fyuzi za nyumba kuukuu zikawa zinakatika. Akafunga vyumba, wakalala watatu kitanda kimoja. Kato akapata kikohozi. Mtu wa ustawi wa jamii akaja, akagusa ukuta kwa kiganja, akauliza kwa upole kama watoto wanakaa kwenye baridi hii kwa hiari ya mama. Nyinyi mmezaliwa huku, swali hilo mnaweza kulijibu. Mzazi mgeni akiulizwa hivyo husikia kitu kimoja tu, kwamba watoto watachukuliwa. Kesho yake Nalongo akafunga mizigo. Ustawi wa jamii walimpa fleti ghorofa ya juu, karibu zaidi na Södertälje. Mbegu za maboga alizibeba kwenye soksi.

Nyumba ile ikauzwa. Wakaja vijana wawili wa ofisini, wastaarabu sana, wakang'oa boila, wakajenga meko ya mawe sebuleni. Niliyasafisha mwaka uliofuata. Dohani ilishaanza kuota ngozi. Nilipowaambia habari ya kufukia moto walinisikiliza kwa makini, wakanishukuru, wakanisugua kifungo.

Mtaniambia, bibi, lakini hewa si ni safi? Ni safi. Nimepanda mapaa ya mji huu kabla na baada, nani atanieleza mimi? Wajukuu zangu hawakohoi kama tulivyokohoa. Kuna watu komuni waliofanya kazi ya maana, na Birgitta nadhani alikuwa mmoja wao, maskini. Sikuja kuwaambia moshi ulikuwa mzuri. Nasema mtu akiwaambia kitu fulani kimesafishwa, mwulizeni uchafu umepelekwa wapi, na nani alihamishwa ili njia iwe wazi. Msikubali kuchorewa mshale.

Nilikwenda kumwona Nalongo kwake kupya Jumapili moja, mimi na Mghoi, baridi ya kukata masikio. Ndani kulikuwa na joto hasa. Mapacha walikuwa pekupeku sakafuni, wanacheza karata. Alitupikia, tukala, lakini hakuwa na yale makelele yake. "Hapa moto hakuna," aliniambia. "Joto tu. Inatoka wapi, mimi sijui." Kisha akaniita dirishani. Ng'ambo ya maji kulikuwa na jengo kubwa lenye dohani ndefu inayokwenda mawinguni, na gatini meli imefunga. Kando ya jengo palikuwa na kilima cheusi, theluji haijakifunika.

"Wewe ni mtu wa mabomba," akasema. "Ile nyeusi ni kitu gani? Meli inaleta, inaleta, haichoki."

Nilijua ni nini. Nilifikiria kumdanganya, na ningeweza.

"Ni makaa ya mawe, dada."

"Makaa? Ya kufanya nini?"

"Ya kuchemsha maji. Maji yanapita chini ya barabara yanakuja kwenye nyumba."

"Nyumba za nani?"

Nikatazama chini ya dirisha. Aliyatazama macho yangu, akayafuata mpaka kwenye radieta, kile chuma cha joto kilichokuwa ukutani, imeanikwa soksi za watoto. Akaigusa kwa kiganja, namna ileile mtu wa ustawi alivyougusa ukuta wake.

Hapo nikaanza kueleza. Nikamwambia dohani ile ina vichujio, ni ndefu, moto wake unachungwa na mafundi, hautoi uchafu kama boila nyingi ndogo. Yote yalikuwa kweli. Nilijisikia nikisema kama kijitabu.

"Kuna mtu alinieleza hivyo?" akauliza. "Mmoja? Walisema, Nalongo, makaa yako tunapeleka pale, itachomwa vizuri, wewe kaa kwako tutakuletea bomba?"

"Hapana."

"Ningeelewa. Mimi si mjinga. Wewe ulinieleza mambo ya keki, nikaelewa."

Kisha akazungusha kishikio cha radieta, akafungulia joto mpaka mwisho, akaenda kwenye nyingine, na nyingine, zote mpaka mwisho. Akarudi, akafungua dirisha la sebuleni wazi kabisa, na baridi ya nje ikaingia ikapeperusha karata. "Mamma, det är kallt," akalalamika Kato, kwamba ni baridi. Mama akamwambia avae koti, akaenda kufungua la chumbani. Mghoi alinitazama apate kujua kama tuondoke.

"Wacha wachome," alisema Nalongo. "Wachome mengi."

Niliinuka nikaenda kufungua la jikoni.